Askari wa Arobaini

Ngo. Ngo-ngo.

Nukta alikuwa amefumba macho. Kila alipomaliza askari mmoja alifumba, akahesabu hadi ishirini, akayapa macho mapumziko. Fimbo ilimkuta humo humo gizani. Sauti yake ilipenya ukuta mwembamba ikamgusa mgongoni mithili ya kidole.

Katika nyumba ile ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, fimbo ilikuwa na lugha yake. Pigo moja: upo? Mawili: maji. Matatu: njoo unigeuze. Moja likifuatwa na mawili halikuwa na maana yoyote. Ulikuwa uchokozi mtupu wa mtu aliyechoka kutazama dari.

“Baba, kuna nini?”

“Nataka kujua kama umekufa.”

“Bado.”

“Basi punguza kimya. Mtu hai ana kelele.”

Nukta akafumbua macho. Mezani, mbele ya dirisha lenye nondo, walisimama askari arobaini, kila mmoja amenatishwa juu ya kizibo cha chupa ili mkono upate pa kushika. Walikuwa askari wa vita vya nyota. Kwa urefu hawakuzidi kidole gumba, lakini walivaa deraya nene kutoka utosini hadi kisiginoni, mabega yamevimba kama masufuria yaliyofunikwa, na mikononi walibeba bunduki ambazo hakuna nchi iliyowahi kuziunda. Watu wazima, wenye kazi zao na ndevu zao, huwapanga mezani siku za mapumziko, wakarusha dadu na kugombania sayari zisizokuwepo. Kucheza nao ni burudani. Kuwapaka rangi ni kazi, na wachezaji wengi hawana mkono wala subira ya kazi hiyo. Ndipo watu kama Nukta wanapopata riziki.

Kazi yenyewe ina vipimo. Kipimo alichopewa yeye kiliitwa kiwango cha mezani: rangi tatu zikae safi mahali pake, maji ya kivuli, yaani rangi nyeusi iliyozimuliwa, yatulie kwenye mifereji ya deraya, kingo zipate mstari mwembamba wa rangi nyepesi, na kitako, yaani kile kisahani anachosimamia askari, kipate vumbi. Basi. Mtu akisimama kando ya meza, umbali wa mkono ulionyooshwa, aone jeshi linalopendeza. Akimsogeza askari puani na kukuta kasoro, kosa ni la pua yake.

Kiwango hicho hakihitaji ujuzi mkubwa. Kinahitaji jambo gumu kuliko ujuzi: kujua kuacha. Na kuacha ndiko Nukta alikokuwa hakujui.

Askari thelathini na tisa walikuwa wa kiwango, vimebaki vitako tu. Wa arobaini alikuwa jambo jingine.

Alimwanza Jumapili asubuhi akiwa na nia njema kabisa. Akampaka rangi tatu, akampa kivuli, akampa kingo. Kisha akaona bamba la bega lingependeza likiwa na mikwaruzo, maana askari gani huyo asiyewahi kukwaruzwa? Baada ya mikwaruzo, misumari ya deraya ikadai kila mmoja uwe na mng'ao wake. Kisha kutu. Kisha moshi mdomoni mwa bunduki. Jumatatu akashika ile brashi yenye unywele mmoja na nusu, kama alivyoitania, akaingia kwenye kioo cha kofia, kijishimo kisichozidi punje ya mtama. Hakutoka humo mpaka Jumanne jioni.

Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Tangu siku ile alipotoka dakika kumi na mbili kununua mkate, akarudi na kumkuta baba yake amelala sakafuni kando ya sinki, shavu limegusa vigae, Nukta hakuvuka kizingiti cha jengo. Miezi mitano. Mkate uliletwa na jirani wa ghorofa ya tatu. Rangi na askari viliwasili kwa mkono wa Jenerali. Dunia yake ilikuwa hatua kumi na moja, kutoka kitanda cha baba hadi dirishani, na dirisha lilitazama ukuta wa jengo la pili.

Sasa tundu la ufunguo lilikuwa limeonekana. Jenerali, mwenye duka la michezo ya mezani mtaa wa chini, alikuwa amepoteza fundi mmoja. Kwenye karakana yake nyuma ya duka palikuwa na kiti kitupu, tena kiti cha dirishani, dirisha la kweli lenye barabara na watu. “Nipe arobaini wa kiwango Ijumaa adhuhuri,” alikuwa amesema, “kiti ni chako Jumatatu.”

Dada yake Nukta alishakubali kumchukua baba. Alikuwa na chumba cha chini, kisicho na ngazi, na mumewe alikwisha kukipaka chokaa. Aliyekataa alikuwa baba mwenyewe.

“Ugonjwa umenihamisha kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto,” alisema kila alipoulizwa. “Sihamishwi tena. Nikakae kwa mkwe, niwekwe pembeni kama sanduku la nguo za baridi? Sitaki.”

Kwa hiyo mlango ule ulikuwa na kufuli mbili. Moja aliishika baba. Ya pili, Nukta hakujua bado, ilikuwa mezani, imesimama juu ya kizibo cha chupa.

*

Jenerali hakuwahi kuwa mwanajeshi. Jina alipewa na wateja, kwa tumbo lake lililotangulia mbele kama kikosi cha upelelezi. Alifika Jumatano asubuhi akihema, mkono kwenye mbavu.

“Ngazi hizi, kijana wangu, zitaniua. Shikamoo, mzee!” alipaza sauti kuelekea chumbani.

“Marahaba!” baba akajibu kutoka kitandani, ulimi mzito upande mmoja. “Umekuja kumchukua au kumkagua?”

“Kumkagua kwanza.”

Aliwapanga askari safu nne za kumi. Akarudi nyuma, akanyoosha mkono hadi ncha ya kidole ikagusa safu ya mbele, akafumba jicho moja. Huo ndio ulikuwa ukaguzi wake wote, na mafundi wake waliuogopa kuliko mtihani wa shule.

“Safi,” akasema. “Safi. Vitako bado, naona. Safi. Sa…”

Kidole kikasimama.

“Huyu ni nani?”

Nukta akatabasamu. Alikuwa ameisubiri sauti hiyo usiku kucha. “Mtazame karibu.”

“Sitaki kumtazama karibu, ndiyo shida yenyewe! Ananiita yeye. Nikitazama kulia, ananivuta. Nikitazama kushoto, ananivuta. Hawa thelathini na tisa walikuwa wazuri dakika moja iliyopita. Sasa wamekuwaje?”

Nukta akatazama. Kwa mara ya kwanza alitazama safu zote kwa pamoja, kwa umbali wa mkono. Wale thelathini na tisa walikuwa wamekufa. Hakuna aliyewaharibu, mwenzao ndiye aliyewaua kwa kuwa hai.

“Umempaka mmoja kama bwana harusi,” Jenerali akasema, “wengine wote wakageuka wapishi.”

“Basi nipe muda niwapandishe wote wafike hapo.”

“Huyu amekuchukua siku ngapi?”

“Tatu.”

“Mara thelathini na tisa. Piga hesabu mwenyewe, mimi nina pumzi chache.” Jenerali akaketi kwenye ukingo wa kiti. Sauti yake ikapungua makali. “Kijana wangu, mkono wako naujua. Sikukupa kazi hii kupima mkono. Karakana yangu ina watu watano, jeshi moja linapita mikononi mwa wote watano, na mteja hatakiwi ajue nani kamaliza na nani kaanza. Nimekupa kazi hii nione kama unaweza kuwa mmoja wao. Muoshe huyu. Mpake upya kama ndugu zake.”

“Nimuoshe?”

“Spiriti unayo.”

“Jenerali, hii ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya.”

“Naamini. Ijumaa adhuhuri nakuja kuchukua arobaini. Nikikuta thelathini na tisa na bwana harusi, nitawachukua, mteja hana kosa. Lakini kiti nitampa mwingine.”

Akashuka ngazi, na kila ngazi alikuwa anaitukana kwa jina lake.

*

Siku nzima Nukta hakugusa brashi. Alipita kutoka ukuta hadi ukuta, hatua kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, akibishana na mtu asiyekuwapo. Nimuoshe! Huyo mwenye tumbo anajua nini? Anauza makasha. Mtu mwenye mkono wa dhahabu anaambiwa aufunike na soksi, kisa wenzake wana mikono ya bati! Alhamisi asubuhi alikuwa bado anawaka.

Ngo.

“Nipo!”

“Nasikia upo. Unazunguka kama kuku aliyepoteza yai. Nipeleke huko nimwone huyo aliyekuponza.”

Nukta akamnyanyua, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma hadi mezani. Kabla ya ugonjwa mtaa mzima ulimwita baba huyo Mzee Herufi. Miaka thelathini aliandika mabango kwa mkono: maduka, vinyozi, shule za udereva, milango ya magari. Mkono wa kulia sasa ulilala mapajani kama paka wa mtu mwingine. Kwa wa kushoto akachukua kioo cha kukuzia, akamsogeza askari.

Akatazama sana. Kioo kilitetemeka, akakitegemeza kwenye ukingo wa meza.

“Humu kwenye kofia,” akasema mwishowe, “umechora dirisha.”

“Ndiyo. Ni mwangaza unaoakisi. Askari anatazama mbele, kwa hiyo kioo chake kinaonyesha kilicho mbele yake.”

“Nondo umezipata. Hata ile ya tatu iliyopinda.” Akakisogeza kioo. “Na huyu aliyekaa dirishani ni nani? Mimi au wewe?”

Nukta hakuwa amelifikiria swali hilo. Kichwa kile kilikuwa kidogo kuliko chembe ya chumvi: tone la rangi ya kahawia na kivuli chini yake.

“Sijui,” akasema. “Nilipoanza, ulikuwa wewe.”

Baba akaweka kioo chini, taratibu, kama anayeweka yai.

“Muoshe.”

“Hata wewe, baba?”

“Mteja atamfanyia nini huyo mtu dirishani? Atarusha dadu, atamlaza kifudifudi, atasema amekufa. Umeniona, nami nimejiona. Dirisha hilo limemaliza kazi yake.”

“Wewe hukuwahi kuandika bango la kiwango cha mezani maisha yako yote!”

“Niliandika mangapi ya kiwango cha barabarani? Yote! Mtu apite na baiskeli, asome, aende zake. Umesahau nilichokuwa nimeandika juu ya mlango wa karakana yangu?”

Hakuwa amesahau. Alijifunza kusoma kwa maneno yale, na ndani ya maneno yale ndimo alimogundua kwamba lugha inaweza kupigiwa mguu ikaenda kwa mwendo:

*Herufi zote sawia, ndipo bango husomeka;*
*Moja ikijivunia, maneno hutawanyika.*

“Nakumbuka,” akasema kwa unyonge.

“Basi.”

Alimbandua askari kwenye kizibo, akafungua chupa ya spiriti. Akamshikilia juu ya mdomo wa chupa, akahesabu hadi ishirini. Akamwachia. Askari akazama, akatua chini amesimama, na vipovu viwili vikamtoka chini ya kwapa. Baada ya nusu saa Nukta alimtoa na kumsugua kwa mswaki mkuukuu. Moshi ukatoka, kutu ikatoka, dirisha likatoka, pamoja na mtu wake. Kilichobaki kilikuwa plastiki ya kijivu, uso mkavu kama siku alipotoka kashani.

Alisubiri apatwe na huzuni. Badala yake alipatwa na hofu, kwa kuwa sasa aliona saa. Askari mmoja wa kuanza upya, na vitako arobaini visivyo na vumbi, na kesho adhuhuri.

“Hivyo vitako,” baba akasema, “vinafanywaje?”

“Kwa brashi kavu. Unachovya rangi nyepesi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka udhani imeisha yote, halafu unasugua juu ya mchanga wa kitako. Ile iliyobaki inakamata vichwa vya mchanga tu. Linakuwa vumbi.”

“Unasugua vipi? Kwa mstari?”

“Hapana, ovyo tu. Mbele, nyuma, mviringo.”

“Ovyo.” Baba akaukunjua mkono wa kushoto mbele ya uso wake, ukitetemeka kama jani lenye mdudu. “Mkono huu, mwanangu, ovyo ndiyo fani yake. Nipe.”

“Baba, hapana. Kesho ni…”

“Unauogopa?”

Aliuogopa. Lakini kumwambia baba yako kwamba unauogopa mkono wake uliobaki ni neno ambalo hata kijana mwenye hasira hana. Akampa brashi kuukuu yenye manyoya mafupi, akamfungia kizibo cha askari kwenye jiliwa dogo, kile kibano cha mezani, ili kisicheze.

Kitako cha kwanza kilikuwa balaa. Rangi ilipanda hadi kwenye kiatu cha askari. Baba akatukana. Cha pili kikawa na donge. Akajifunza kufuta zaidi, kisha zaidi tena. Mkono haukuacha kutetemeka, lakini brashi kavu haina ugomvi na mtetemeko, inautumia. Kufikia cha kumi vumbi lilikuwa linatua lenyewe, jepesi, kama la barabara ya kweli baada ya gari kupita. Mzee akavirudia viwili vya kwanza, akaanza kuguna wimbo usio na maneno.

Nukta alikuwa upande wa pili wa meza, akimpaka rangi yule mmoja. Rangi tatu. Kivuli. Kingo. Kila mara brashi ilipotaka kuongeza mkwaruzo, aliuma ulimi, akaivuta brashi nyuma. Kwa saa kadhaa walifanya kazi pande mbili za meza moja, na fimbo ikabaki imeegemea ukuta bila la kusema.

Alasiri baba alisinzia, kidevu kifuani, brashi bado vidoleni. Nukta akasimama kuvitazama vitako. Vilikuwa vizuri. Isipokuwa kile cha saba, safu ya kwanza: upande mmoja vumbi lilikuwa zito mno. Lingetengenezeka kwa mipigo mitatu. Nani angejua? Akachukua brashi yake. Mipigo mitatu ikawa saba, na kila kijiwe kikapata ukingo wake.

“Umekigusa.”

Baba hakuwa ameinua kichwa. Alikuwa amefumbua macho tu.

“Kidogo,” Nukta akasema.

“Ulitaka nisione?”

“Kilikuwa kizito upande huu, baba. Nimekusaidia.”

“Nirudishe kitandani.”

Hapo ndipo lile la miaka lilipotoka, bila kuitwa. “Kwani wewe hukunigusia K yangu?”

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Bango la duka la vyombo. Baba alimwachia herufi moja, K iliyo ndani ya neno *VIKOMBE*. Aliiandika ametoa ulimi nje. Kisha akatumwa maji, na aliporudi na ndoo, K ilikuwa imenyooka, nzuri, na si yake. Hakuna aliyesema neno. Lakini kila alipopita pale alisoma mkono wa mtu mwingine mahali pa mkono wake. Hakuandika herufi tena. Aligeukia vitu vidogo, vidogo zaidi, vidogo kiasi kwamba mkono mpana wa baba yake usingeweza kamwe kuingia humo.

Mzee aliiweka brashi mezani. Nukta akamsukuma hadi chumbani, akamlaza, akamfunika. Mapigo hayakusikika tena siku ile. Nukta alikuja kugundua kwamba kuna kimya kinachofunga kuliko nondo.

Ijumaa asubuhi, alipokuwa akimfuta uso kwa kitambaa cha maji moto, baba alisema akitazama dari: “Haikuwa mbaya.”

“Nini?”

“Ile K. Haikuwa mbaya. Ilikuwa yako tu. Niliogopa watu watadhani mkono wangu umeanza kulegea.” Akakohoa. “Nipeleke mezani. Vimebaki vitako kumi na moja.”

*

Adhuhuri tumbo la Jenerali lilitangulia mlangoni, Jenerali akafuata. Safu nne za kumi. Akarudi nyuma, akanyoosha mkono, akafumba jicho.

Nukta alisimama ameshika mgongo wa kiti cha baba yake.

Kidole kilipita safu ya nne, kikapita ya tatu. Kilipita pale alipokuwa bwana harusi bila kusita hata kidogo, kama mtu anavyopita mlango wa nyumba asiyoijua. Na Nukta, kwa mshangao, aliona fahari badala ya aibu. Kikapita safu ya pili. Kwenye safu ya kwanza kikasimama.

“Huyu wa saba ana nini? Kitako kimeoga. Wenzake wametoka safari, vumbi tele, yeye anakwenda harusini. Harusi tena!”

Damu ikampanda Nukta masikioni. “Hicho nilikigusa mimi.”

“Na hivi vingine?”

“Mimi,” baba akasema.

Jenerali akamgeukia. Akautazama mkono wa kulia uliolala mapajani, kisha wa kushoto, wenye rangi ya kijivu hadi kifundoni.

“Mzee, hii brashi kavu umejifunza wapi?”

“Hapa. Jana.”

“Vijana wangu wanavikimbia vitako kama deni. Wanasema ni kazi ya kuchosha. Wanavifanya mwisho, kwa haraka, vinatoka kama uji uliomwagika.” Akasogea, akainama, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya Nukta: akamleta askari mmoja karibu na pua. “Hili ni vumbi.”

Baba akachukua brashi, akafuta rangi kwenye kitambaa, akamfungia wa saba kwenye jiliwa. Mara mbili mbele, mara moja nyuma. Jenerali akanyoosha mkono tena, akafumba jicho.

“Arobaini,” akasema.

Walipokwisha kuwapanga kwenye sanduku lenye sifongo, alisimama mlangoni. “Jumatatu saa mbili, fundi. Kiti cha dirishani. Na wewe mzee, kama mkono unaruhusu, kila wiki nina vitako. Hamsini, mia. Unavifanyia popote palipo na meza.”

Mlango ukafungwa. Ngazi zikaanza kutukanwa, moja baada ya nyingine, mpaka sauti ikaisha.

Meza ilikuwa tupu. Nukta hakuwahi kuiona tupu. Akageuka kumtazama mwenye kufuli iliyobaki.

“Mpigie dada yako,” baba akasema, macho dirishani. “Muulize huko kwake chumba kina meza, au kina kitanda peke yake.”

“Kina meza. Shemeji ameitengeneza mwenyewe.”

“Shemeji yako hajui kunyoosha mbao. Itayumba.” Akaisugua rangi kavu kwenye kidole gumba kwa kidole cha pili. “Nitakwenda. Sina haja ya kukaa pembeni kama sanduku, nina kazi. Lakini nina masharti mawili.”

“Sema.”

“La kwanza, vitako uvilete mwenyewe, kila Jumamosi. Nisiletewe na shemeji yako, wala yule mwenye tumbo. Uje wewe, ukae, unywe chai, uniambie barabarani umeona nini.”

“Hilo rahisi.”

“La pili si rahisi. Ukivichukua, usivisahihishe.”

Nukta akaitazama brashi yake. Alikijua kiburi chake kama mtu anavyojua jino bovu: kinakaa wapi, kinauma saa ngapi. Aliviona vitako hivyo tangu sasa, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye kiti chake cha dirishani, vingine vizuri na vingine vizito upande mmoja, na brashi yake ikiwa karibu, na hakuna anayetazama.

“Hata kikiwa kibaya?”

“Hata kikiwa kibaya. Kitakuwa kibaya changu.”

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akaifikia fimbo, akagonga mguu wa meza mara moja. *Upo?*

Nukta akazunguka, akapiga magoti mbele ya kiti ili macho yao yawe sawa. Akaushika ule mkono uliokuwa ukitetemeka, bila kujaribu kuutuliza.

“Nipo, baba. Nasema kwa mdomo wangu, unisikie. Kije na donge, kije na alama ya kidole, kije na rangi hadi kwenye kiatu, kitako chako kitakwenda mezani kama kilivyotoka mkononi mwako. Sitakigusa. Hata kimoja. Naahidi.”